Beta Amelegea, Amelala Chini: Mwongozo Kamili wa Kumwinua, Hatua kwa Hatua

Kila ifikapo Juni, ujumbe unaoingia kwenye simu yangu ni ule ule. Picha ya samaki mwekundu au wa bluu, mapezi yamekunjamana, amelala juu ya changarawe kama kitambaa kilichodondoka. Chini ya picha: "Nimempa dawa tatu, haamki."

Naishi Arusha, na mwezi wa saba nimewahi kukuta maji ya tangi langu yako nyuzi 18 alfajiri. Beta ni samaki wa madimbwi na mashamba ya mpunga ya Thailand. Kwenye nyuzi 18 hahitaji kimelea wala bakteria ili alegee. Baridi peke yake inatosha.

Wengi wanakosea mahali pamoja: wanaanza na dawa. Katika mwongozo huu dawa iko hatua ya saba, na samaki wengi hawafiki huko. Beta wangu wa kwanza nilimuua mwenyewe kwa kumwekea dawa nne ndani ya siku mbili. Alichokuwa anataka ni maji safi na joto.

## Vifaa, kabla hujamgusa samaki

- Chombo cha lita 5 hadi 10, cheupe au cha kuona ndani, kisichowahi kuwekewa sabuni. Ndoo ya chakula yenye mfuniko inafaa. Hii ndiyo itakuwa wodi.
- Kipimajoto cha maji. Kidole hakipimi joto. Maji ya nyuzi 21 na ya nyuzi 26 yote mkononi utayaita "ya kawaida".
- Hita ndogo ya tangi. Wati 25 zinatosha lita 10 hadi 20.
- Ndoo mbili za maji yaliyolala bila mfuniko kwa saa 24, au dawa ya kuondoa klorini.
- Kipimo cha amonia, naitraiti na naitreti (sumu zitokanazo na uchafu wa samaki, nitazieleza hatua ya 2) na pH (kipimo cha uchachu wa maji). Cha matone kinaaminika kuliko cha vijikaratasi. Usipokipata, endelea; nitakuonyesha cha kufanya.
- Chumvi tupu ya mawe, isiyochanganywa na kitu.
- Chumvi ya Epsom (magnesiamu salfeti), kutoka duka la dawa.
- Majani makavu ya mkungu, yaani ule mti wa kungu wa pwani, si mkungu wa ndizi.
- Bomba la sindano, bila sindano yake, la kunyonyea kinyesi na mabaki ya chakula.
- Daftari. Usicheke. Siku ya tatu hutakumbuka uliweka chumvi mara ngapi.

Kuhusu chumvi, watu hugombana sana juu ya madini joto. Kiasi kilichomo kwenye chumvi ya mezani ni kidogo mno kumdhuru samaki kwa vipimo vya hapa chini. Chumvi ya kukataa ni ile yenye viungo, ladha au vitu vya kuizuia isigande.

## Hatua ya 1: Mwangalie dakika kumi bila kumgusa

Kaa mbele ya tangi, usigonge kioo. Beta hupumzika sana. Hulala juu ya jani, hujiegemeza kwenye hita, na asubuhi kabla ya taa anaweza kuwa chini kabisa akiwa mzima wa afya.

Tofauti utaiona hivi. Anayepumzika hugeuka ukisogea, na huja juu ukimwonyesha chakula. Mgonjwa amebana mapezi mwilini, rangi imefifia, chakula kinampita mdomoni haangalii. Anapanda juu kuvuta hewa kwa shida kisha anazama kama jiwe.

Angalia mashavu. Yakienda haraka na kwa nguvu, shaka yako ya kwanza iwe amonia au naitraiti. Yakienda polepole mno, shaka baridi. Mmulike ubavuni kwa tochi ya simu: kuna madoa meupe? Vumbi la dhahabu? Tumbo limevimba? Magamba yamesimama? Andika.

Tahadhari: aliyelala ubavu si lazima awe amekufa. Maadamu mashavu yanacheza, hata kwa mbali, yuko hai. Nimeshaambiwa habari za samaki waliotupwa chooni wakiwa bado wanapumua, na sitaki kuzisikia tena.

## Hatua ya 2: Tibu maji kwanza

Kinyesi na chakula kilichooza hutoa amonia. Kwenye tangi lililokomaa, bakteria wazuri wanaoishi ndani ya chujio huigeuza kuwa naitraiti, kisha naitreti, ambayo ukali wake ni mdogo zaidi. Bakteria hao huchukua wiki nne hadi sita kujijenga. Kibakuli kisicho na chujio hakiwapati wa kutosha, kwa hiyo samaki anakaa ndani ya mkojo wake mwenyewe.

Pima. Amonia na naitraiti zinatakiwa ziwe sifuri. Naitreti isizidi miligramu 40 kwa lita, na chini ya 20 ni bora zaidi.

Huna kipimo? Jiulize maswali matatu. Tangi lina umri chini ya wiki sita? Umepitisha wiki mbili bila kubadilisha maji? Umeosha chujio kwa maji ya bomba hivi karibuni? Jibu moja la ndiyo linatosha kuyahesabu maji kuwa machafu, hata yakiwa meupe kama kioo. Amonia haina rangi.

Sasa badilisha maji, lakini si yote. Hapa ndipo wengi humalizia samaki wao wakidhani wanamwokoa. Maji yaliyokaa muda mrefu kwenye kibakuli hushuka pH, na kwenye pH ya chini sehemu kubwa ya amonia hukaa katika hali isiyo kali. Ukimwaga maji mapya yenye pH ya juu kwa mkupuo mmoja, amonia iliyobaki hugeuka kali ghafla, na samaki mwenyewe anashtuka.

Kwa hiyo:

1. Toa robo hadi theluthi ya maji, ukinyonya uchafu wa chini.
2. Rudisha kiasi kile kile cha maji yaliyolala, yenye joto sawa na yale ya tangi. Mimina taratibu, kwa kikombe.
3. Rudia baada ya saa nne hadi sita.
4. Kesho na keshokutwa, rudia mara moja au mbili kwa siku hadi vipimo vitulie.

Kama maji yalikuwa yakibadilishwa kila wiki na amonia imepanda ghafla, unaweza kutoa nusu kwa mara moja.

Maji ya bomba lazima yalale, kwa sababu klorini huchoma mashavu ya samaki na kuua wale bakteria. Saa 24 kwenye ndoo pana, wazi, huondoa klorini ya kawaida. Ila kama mamlaka ya maji ya mji wako hutumia kloramini, yaani klorini iliyounganishwa na amonia, kuyalaza hakutoshi. Nunua dawa ya kuondoa klorini inayosema wazi kwamba inashughulikia kloramini pia. Maji ya mvua matupu na maji ya chupa yaliyotolewa madini usiyategemee, pH yake hupanda na kushuka ovyo.

Dalili ya mafanikio: ndani ya saa 24 mashavu yanapunguza kasi. Mapezi bado yamebanwa? Usijali, hilo huja baadaye.

## Hatua ya 3: Mwandalie wodi

Kama anaishi peke yake na tangi lina lita 10 au zaidi, maji yake yametulia, na hana dalili za kuambukiza, mwache humo humo. Kuhamishwa nako ni msukosuko. Mhamishe kama ana wenzake, kama kuna mkondo unaomsukuma, au kama utahitaji chumvi na tangi lina mimea hai, kwa kuwa chumvi huiua.

Jaza wodi kina cha sentimita 10 hadi 15 tu. Beta huvuta hewa ya juu kwa kiungo maalumu kilicho karibu na mashavu, na samaki aliyechoka akiwa na sentimita 40 za kupanda kila pumzi anaishiwa nguvu. Funika na mfuniko wenye matundu ili hewa ya juu ya maji ibaki na uvuguvugu. Usiweke changarawe. Weka kitu kimoja cha kujifichia, hata kikombe cha udongo kilicholazwa.

Mhamishe kwa kikombe, si kwa wavu. Wavu huchana mapezi na kufuta ule ute unaomkinga ngozi. Wodi haina chujio lililokomaa, hivyo badilisha nusu ya maji yake kila siku.

## Hatua ya 4: Joto, lakini taratibu

Lengo ni nyuzi 26. Kati ya 25 na 27 uko sawa.

Kwa nini joto linakuja baada ya maji? Kwa sababu kadiri maji yanavyopata joto ndivyo amonia inavyozidi ukali. Ukipasha maji machafu unampikia sumu.

Samaki hana joto lake mwenyewe. Maji yakipoa, mmeng'enyo unapungua, kinga inalala, hata kuogelea kunakuwa mzigo. Ndiyo maana chakula cha jana hukaa tumboni na kuvimbisha. Anayeishi Dar, Tanga au Mombasa tatizo hili hulisikia tu, labda samaki awe chini ya kiyoyozi. Huko pwani balaa ni jingine: kibakuli dirishani, jua la saa nane, maji nyuzi 34.

Pandisha nyuzi moja kwa saa, isizidi mbili. Kutoka 19 hadi 26 ni kazi ya mchana mzima. Acha iwe hivyo.

Ukiwa na hita: izame kabla ya kuichomeka, na chomoa dakika 15 kabla ya kuitoa, la sivyo kioo chake kitapasuka. Chomoa kila unapoingiza mkono. Waya uachie ulegee chini ya soketi, ili matone yadondoke sakafuni na yasifuate waya hadi kwenye umeme.

Usipokuwa na hita, au umeme ukikatika: weka wodi ndani ya beseni kubwa, mimina kwenye beseni maji ya uvuguvugu wa nyuzi 30 hivi, na yabadilishe kila yakipoa. Usiku, weka wodi ndani ya lile boksi jeupe jepesi la kubebea samaki wabichi, pembeni yake chupa mbili za maji ya moto zilizofungwa khanga. Angalia kipimajoto kila baada ya saa mbili. Nimelea hivyo samaki siku tatu mfululizo, kipindi cha mgao wa umeme. Inachosha ila inafanya kazi.

Dalili ya mafanikio: akifika nyuzi 24 au 25, wengi hujinyanyua. Anageuza macho, anatembea kidogo. Kama tatizo lilikuwa baridi tu, kesho yake atakuwa anakudai chakula, na wewe umeshamaliza.

## Hatua ya 5: Asile siku mbili

Najua inauma. Lakini beta mzima anaweza kukaa siku kadhaa bila kula, na chakula kisicholiwa kitarudisha amonia uliyoitoa kwa jasho.

Siku ya tatu mpe kidogo sana, punje moja au mbili za chakula cha beta zilizolowekwa kwa dakika tano. Bora zaidi ni viluwiluwi vya mbu. Ndicho chakula chake huko kwao, na kujinyonganyonga kwao humwamsha hata aliyekataa kila kitu. Usivichote kwenye mtaro wala dimbwi lililopuliziwa dawa. Acha ndoo ya maji safi nje siku chache, vichuje, suuza, mpe vitatu au vinne. Ndoo iangalie kila siku na uimwage kabla havijageuka mbu. Kumponya samaki kwa kuwagawia majirani malaria na dengi si ujirani mwema.

Ule ushauri wa kumpa njegere iliyochemshwa sikubaliani nao. Beta ni mla nyama, utumbo wake haukuumbiwa kunde.

Baada ya dakika tano nyonya kila kilichobaki.

## Hatua ya 6: Majani ya mkungu na chumvi

Wafugaji wa beta wa Asia huyatumia majani haya siku zote, na mashabiki wa nchi za baridi wanayanunua kwa pakiti. Pwani yetu yanafagiliwa na kuchomwa. Mimi naletewa gunia kutoka Tanga.

Okota yaliyodondoka yenyewe, makavu ya kahawia, mbali na barabara kuu na mahali panapopuliziwa dawa. Yasiwe mabichi. Suuza, mwagia maji ya moto, kisha weka kipande cha ukubwa wa kiganja kwenye wodi ya lita 8. Maji yatageuka rangi ya chai ya rangi, na ndivyo inavyotakiwa. Jani hushusha pH kidogo, huzuia baadhi ya bakteria na ukungu, na ule ugiza humtuliza. Si tiba ya kila kitu, lakini halina madhara makubwa ukikosea, jambo ambalo siwezi kulisema kwa kitu kingine chochote kwenye orodha hii.

Chumvi ni kwa mwenye mapezi yanayooza, vidonda, madoa meupe, au aliyepigwa na naitraiti. Mwili wa samaki wa maji yasiyo ya chumvi una chumvi kuliko maji anayoishi, hivyo maji humwingia muda wote na anafanya kazi ya kuyatoa. Chumvi kidogo humpunguzia kazi hiyo, na pia huzuia naitraiti kuingia kupitia mashavuni.

- Kijiko kimoja cha chai, kilichosawazishwa kwa kisu, kwa kila lita 4.
- Iyeyushe kwanza kwenye kikombe, imimine kwa awamu tatu ndani ya saa moja.
- Kila ukibadilisha maji, rudisha chumvi ya maji uliyotoa tu. Chumvi haipotei hewani, inabaki. Ukirudisha dozi nzima kila siku, siku ya tano unafuga samaki wa baharini.
- Usizidishe siku 10.

Tahadhari: akianza kuyumba, kupinduka au kurukaruka baada ya chumvi, mpunguzie nusu ya maji kwa maji matupu mara moja.

Dalili ya mafanikio: ndani ya siku tatu hadi tano mapezi yanaachia, kingo zake zinaacha kurudi nyuma, na baadaye unaona utando mwembamba usio na rangi ukichomoza. Huo ni pezi jipya.

## Hatua ya 7: Sasa, kama bado, tafuta jina la ugonjwa

Umefika hapa baada ya siku nne au tano za maji safi na nyuzi 26, na bado hali si nzuri. Dawa moja tu kwa wakati mmoja. Na ukiona mojawapo ya haya ya chini tangu siku ya kwanza, huna haja ya kungoja.

Madoa meupe kama punje za chumvi. Ni kimelea. Dawa na chumvi humpata akiwa anaogelea majini, si akiwa amejichimbia ngozini. Pandisha joto taratibu hadi nyuzi 29 au 30 ili mzunguko wake uende haraka, ongeza pampu ya hewa, endelea siku 10 hadi 14 hata kama madoa yameisha (chumvi yenyewe ikome siku ya 10). Tangi zima linatibiwa, si samaki peke yake.

Vumbi la dhahabu chini ya tochi. Kimelea kingine, kinachoua haraka. Funika wodi iwe giza, kwa sababu kinategemea mwanga kwa sehemu, na tafuta dawa ya shaba ya samaki kwenye duka la samaki wa mapambo. Fuata kipimo cha kwenye chupa. Shaba huua konokono na kamba, usiiweke kwenye tangi lao.

Utando mweupe kama pamba mdomoni au mgongoni. Wengi huuita ukungu, lakini mara nyingi ni bakteria, na hao hupenda joto. Huyu usimpandishe hadi 30; mshushe taratibu hadi 24. Anahitaji antibiotiki iliyotengenezwa kwa ajili ya samaki.

Tumbo limevimba, magamba yamelala, hapati choo, anaelea kichwa chini. Mara nyingi ni kufunga choo. Mwache bila chakula siku mbili au tatu, weka chumvi ya Epsom kijiko kimoja cha chai kwa lita 4. Usiichanganye na chumvi ya mawe.

Magamba yamesimama, ukimtazama kutoka juu anafanana na nanasi. Figo zimeshindwa na maji yamejaa mwilini. Epsom na antibiotiki huokoa wachache. Sitakudanganya.

Na tafadhali, kapsuli za antibiotiki za watu, zile za rangi mbili za kwenye kabati lako, usizifungue ndani ya tangi. Dozi hujui, bakteria wazuri wanakufa, amonia inapanda, na wale wabaya wanajifunza kuizoea dawa unayoitegemea wewe mwenyewe.

Ikiwa wiki mbili zimepita, amepinduka, hali chakula, na kila pumzi ni mapambano, unaweza kumpumzisha kwa mafuta ya karafuu, ambayo sisi tunayo tele kutoka Zanzibar. Tikisa matone 5 ndani ya chupa yenye maji ya uvuguvugu hadi yawe meupe, yamimine taratibu kwenye lita 1 aliyomo. Atalala. Akishaacha kuitikia ukimgusa, ongeza matone 20 yaliyotikiswa vivyo hivyo, na umwache humo nusu saa baada ya mashavu kusimama. Kumgandisha kwenye friji au kumwaga na maji ya choo ni ukatili. Kumbuka pia kwamba beta huishi miaka 2 hadi 4, na wengi hununuliwa wakiwa tayari watu wazima. Wengine wamezeeka tu.

## Hatua ya 8: Kumrudisha nyumbani

Ngoja siku tatu mfululizo ambazo anakula, anaogelea mwenyewe, na haonyeshi doa jipya. Kama alikuwa na chumvi, ipunguze kwanza: robo ya maji kwa maji matupu kila siku, kwa siku nne. Huku nyuma tangi lake liwe limefika nyuzi 26 na amonia sifuri, kwa kuwa ukimrudisha kwenye kibakuli kile kile utaandika tena ujumbe ule ule baada ya wiki tatu.

Acha kikombe alimo kielee ndani ya tangi dakika 20, ukiongeza vijiko vya maji ya tangi kila dakika tano. Kisha inamisha kikombe atoke mwenyewe. Maji ya kikombe mwaga nje, usiyaingize tangini.

Atajificha siku nzima. Siku ya pili au ya tatu, tazama juu ya maji pembeni: ukikuta kundi la mapovu madogo yameshikana, dume wako ameanza kujenga kiota. Wodi ioshe kwa maji ya moto na chumvi bila sabuni, ianike juani mpaka ikauke kabisa, na bomba la sindano la mgonjwa lisiguse tangi la mwingine.